Fundi wa Saketi Naye ni Mwanafizikia

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara juu ya chembe ya Higgs, ambayo kugunduliwa kwake kulitangazwa mwaka 2012 katika maabara ya CERN, karibu na Geneva. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za saketi zilizoisoma chembe hiyo kutoka katika vigunduzi. Kosa si lao. Hata huko ng'ambo nilikosomea, mwalimu wetu mmoja alikuwa akisema kwamba elektroniki ni kazi ya fundi, nasi tukamwamini.

Yafaa msomaji aielewe kazi yenyewe. Katika miaka ya 1950 na 1960, njia za chembe zilipigwa picha ndani ya matangi ya kimiminika kilichotoa viputo, na watu wakakaa mezani kuzichunguza picha hizo moja moja. Mwaka 1968 Georges Charpak alitengeneza chemba ya gesi yenye nyaya nyingi nyembamba. Kila waya ulipewa kikuza umeme chake, na habari zikaweza kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Bila transista za bei nafuu, wazo hilo lingebaki karatasini. Mwaka 1992 alipewa Tuzo ya Nobel.

Tangu hapo shida imekuwa wingi wa habari. Katika kigunduzi cha ATLAS, kati ya mwaka 2015 na 2018, mafungu ya protoni yalipishana hadi mara milioni 40 kila sekunde. Hapana ghala la kuyahifadhi yote hayo. Igawanye sekunde moja katika vipande milioni: saketi za hatua ya kwanza zilipewa vipande viwili na nusu tu vya kuamua. Zilipitisha matukio 100,000 hivi kwa sekunde, na kompyuta zilizofuata zikabakiza kama 1,000.

Yaliyosalia yalitupwa. Apepetaye mchele aweza kurudia pumba akaokota punje zilizopotea. Hata zile picha za zamani ziliweza kutazamwa upya na mtu mwenye swali jipya. Hapa hakuna pumba za kurudia. Jambo ambalo mpangaji wa saketi hakulifikiria laweza kupita mara elfu lisionwe na yeyote.

Kwa hiyo naikataa kauli ya mwalimu yule. Kuamua kipi kitupwe ni fizikia hasa. Ningependa wanafunzi wetu washike saketi mkononi tangu mwaka wa kwanza, sambamba na milinganyo yao. Wenzangu wa nadharia watanuna, nimekwisha kuwasikia.