Nenda Ukamwone Mtoto Akiwa Jukwaani

Wewe kijana wa Eldoret, nikuulize. Mara ya mwisho mwanao kupanda jukwaani shuleni, ulikuwa wapi? Na usiseme mama yake alienda.

Huu mji wetu unajua kushangilia. Mwanariadha akirudi na medali, tunamlaki uwanja wa ndege kwa nyimbo na mursik. Lakini mtoto wa gredi ya 3 aliyekariri shairi lake wiki nzima hadi nyumba yote ikalijua, anatazama viti vya wazazi na kuona akina mama peke yao. Baba zao wako wapi?

Najua utasema: mimi ni wa boda, nisipotoka hakuna unga. Ni kweli, wala si jambo la kuchekwa. Lakini piga hesabu. Mashindano ya drama ni muhula wa kwanza, ya muziki ni wa pili. Yanaanzia zoni, yanapanda kaunti ndogo, kaunti, kanda, ndipo taifa. Watoto wengi huishia hapo zoni. Siku hiyo ikikupita, basi hadi mwaka ujao. Hakuna aliyesema upoteze siku nzima. Muulize mwalimu zamu ya mtoto ni saa ngapi, egesha pikipiki, mwone, kisha rudi stejini.

Na si hisani unamfanyia. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi, na jukumu la kumtunza ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Kulipa karo ni sehemu tu ya kulea.

Mnawakumbuka Butere Girls? Aprili 2025, walifika mashindano ya taifa Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe. Polisi wakarusha vitoza machozi, watu wakafukuzwa. Wale wasichana wakakataa kuigizia ukumbi usio na watazamaji. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Nchi nzima tukakasirika, na tulikuwa na haki. Sasa, wao kunyimwa watazamaji tuliita dhuluma. Mtoto wako akinyimwa mtazamaji anayemtaka kuliko wote, na anayemnyima ni wewe, tuiite nini?

Walimu, tangazeni ratiba mapema, si jioni ya kuamkia. Waajiri, ruhusa ya saa mbili haitafunga biashara. Na kama bado huna mtoto, una mdogo wako. Mama yuko sokoni, baba yuko safarini, nenda wewe. Keti mahali atakapokuona, weka simu mfukoni, na akisahau mstari, mpigie makofi hadi aukumbuke.