Itebero: ripoti moja, mikono mingi, rezo ya kubahatisha

Katika zone ya afya ya Itebero, mtaani Walikale, ripoti ya magonjwa ya kila wiki inaanza na kalamu. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya anahesabu wagonjwa wa malaria, surua na kolera, anaandika kwenye karatasi, kisha hesabu inapanda: kutoka kituoni mpaka ofisi kuu ya zone, kutoka pale mpaka Divisheni ya Afya ya Jimbo, halafu Kinshasa. Kwenye ofisi ya zone ndiko hesabu zinaingizwa katika DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo wizara ya afya inaitumia nchi nzima. Chini ya hapo, kazi kubwa inafanywa na karatasi, pikipiki na miguu.

Mwaka 2025 njia hiyo ilitikisika. M23 iliingia Goma mwisho wa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Tarehe 19 Machi iliingia Walikale-centre, ikatoka mwanzoni mwa Aprili. Serkali ya jimbo ilihamishia makao yake ya muda Beni. Itebero, iliyo kwenye barabara ya Bukavu–Hombo–Walikale, ikajikuta kati ya miji ambayo kila mmoja ulikuwa na matatizo yake. Karatasi iliyozoea kupanda upande mmoja ikakosa upande wa kupanda.

Njo maana wazo la ripoti ya pamoja kwenye intaneti linavutia. Muuguzi, mtu wa dawa na munganga mkuu wa zone wanafungua karatasi moja, kila mmoja kwenye telefone yake. Mmoja akibadilisha hesabu, wengine wanaiona palepale. Swali ni moja: kitu hicho kinaweza kusimama mahali ambapo rezo inapatikana kwa kupanda mlima?

Karatasi ya pamoja inafanya kazi namna gani?

Wengi wanajua Google Docs. Watu wawili wakiandika kwa mara moja, kila badiliko linatumwa kwa kompyuta kubwa ya mbali, seva, na seva inapanga nani ametangulia ili maneno yasigongane. Hesabu ya kazi hiyo ilielezwa tangu 1989 na watafiti wa Marekani, Clarence Ellis na Simon Gibbs. Inafaa sana pale rezo ipo muda wote. Muuguzi asiyeona rezo siku nne hawezi kumngoja mpangaji huyo.

Njia ya pili ilipata jina mwaka 2011, kupitia kazi ya Marc Shapiro, mtafiti wa Ufaransa, na wenzake. Wazo lake linaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kucheza likelemba. Mama mmoja analeta mchango asubuhi, mwengine jioni, wa tatu anatuma kesho yake kwa mtoto. Hata kama michango inafika kwa fujo, jumla ya sanduku ni ileile. Kinachotakiwa ni kila mchango uandikwe na jina lake, ili usihesabiwe mara mbili.

Kwa ripoti ya afya, maana yake ni hii: telefone isitume jumla, itume mstari mmoja kwa kila mgonjwa, wenye namba yake ya pekee. Mistari ikifika Ijumaa au wiki ijayo, ikifika mara mbili sababu rezo ilikatika katikati, jumla itakuwa ileile kwenye kila telefone. Tena mstari mmoja ni mdogo, hauli mega sawa vile kutuma karatasi nzima upya.

Saa ya telefone inadanganya

Hatari kubwa iko kwenye kanuni ambayo programu nyingi zinaitumia bila kumwambia mtu: aliyeandika mwisho ndiye anashinda.

Mfano: Jumatatu, bila rezo, muuguzi anasahihisha wagonjwa wa surua kutoka 3 kuwa 7. Jumatano, mtu wa ofisi ya zone anafungua kisanduku kilekile, anaona 3, anaandika 4 kwa sababu amesikia habari ya mgonjwa mmoja zaidi. Ijumaa telefone ya muuguzi inapata rezo. Kwa kanuni hiyo, 4 ya Jumatano inafuta 7 ya Jumatatu, na hakuna anayejua kama kitu kimefutwa. Telefone iliyozimika na kuwashwa tena na tarehe mbaya inaweza kuharibu mambo zaidi.

Kosa kama hilo si la kompyuta peke yake. Hesabu ya surua njo inaamua kama chanjo zitatumwa, na ngapi.

Programu nzuri haifuti. Inaweka hesabu zote mbili, inaonyesha nani aliandika na kutoka wapi, kisha inamwomba mtu aamue. Lakini huyo mtu ni nani? Muuguzi aliyewaona wagonjwa, ao ofisi inayotia sahihi? Hakuna kompyuta inayoweza kujibu hilo. Lazima watu wa zone wapatane kwanza, ndipo watengenezaji waanze kuandika programu.

Mifano ya karibu

KoboToolbox, inayojulikana sana na mashirika ya Kivu, ilitokana na uchunguzi wa Phuong Pham na Patrick Vinck huko kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Inajaza fomu bila rezo na kutuma baadaye. Ila fomu inaenda upande mmoja: aliyeituma haoni kama mwengine ameibadilisha.

Kenya imeenda mbele kidogo. Tangu 2023, wahamasishaji wa afya zaidi ya 100,000 walipangiwa telefone zenye programu inayoweka habari za familia ndani ya telefone yenyewe na kuzilinganisha na seva rezo ikipatikana. Chini yake kuna hifadhi inayoitwa CouchDB. Habari mbili zikigongana, inachagua moja kwa kanuni ileile kila mahali, lakini ile iliyoshindwa inabaki, inaweza kutafutwa.

Kongo nayo imefungua mlango: Mei 2025, mamlaka ya mawasiliano ARPTC ilitoa kibali kwa Starlink. Sahani moja kwenye ofisi ya zone inaweza kusaidia sana. Haitamfikia muuguzi aliye mbali msituni, asiye na umeme isipokuwa pano ya jua.

Na kama telefone ikikamatwa?

Karatasi ya pamoja inamaanisha kila telefone inabeba nakala. Kwenye barabara zenye vizuizi vya watu wa silaha, nakala hiyo inaweza kuwa na majina ya waliojeruhiwa kwa risasi ao wanawake waliotendewa ubakaji. Kwa hiyo majina yasiende mahali ambapo hesabu inatosha. Telefone ya kituo ibebe habari za kituo chake tu, na iwe imefungwa kwa maneno ya siri.

Shirika lolote likileta programu mpya Itebero, wakaaji na kamati zao za afya wana haki ya kuuliza mambo manne kabla ya kupiga makofi. Inafanya kazi wiki nzima bila rezo? Hesabu mbili zikigongana, nani anaamua, na ile nyingine inabaki wapi? Seva iko wapi, na ufunguo wake unashikwa na nani? Na siku mradi ukiisha, zone inabaki na hesabu zake, ao zinaondoka na gari la shirika?