Tusingoje Matanga Ndipo Tuchange



Tuna neno moja la kusema, nalo linatuuma hata sisi tunaoliandika. Hapa Ayivu mwenzetu akifa, tunachanga. Turubai linapatikana, unga wa muhogo unaletwa, kina mama wanapika usiku kucha. Hilo ni jambo jema. Lakini alipokuwa mgonjwa, tulikuwa wapi?

Tulikuwa na mwenzetu aliyechambua tumbaku pamoja nasi katika ghala moja. Alikohoa wiki nyingi katika vumbi lile. Kila asubuhi tulimwambia pole, kisha tukaingia kazini. Alipofariki, pesa za jeneza zilipatikana kwa jioni moja. Tulipozihesabu, tuliona aibu: zingetosha kumpeleka hospitali mapema, na watoto wake wangekula.

Wema si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1979 na 1980, vita ilipofika West Nile, wazazi wetu walikimbilia Sudan na Zaire, wakapokewa na watu waliokuwa maskini kama wao. Mwaka 2016 vita ya Sudan Kusini ilipozidi, watu wa kwetu nao waliwagawia wageni ardhi na maji. Hata wazee wetu waliokwenda kukata miwa Kakira na Lugazi walijua kwamba ukiugua mbali na kwenu, ndugu yako ni yule unayelala naye chumba kimoja. Basi moyo tunao. Tunachokosa ni mpango.

Tena tusidhani kuishi vizuri ni kuwa na simu mpya na pikipiki. Kuishi vizuri ni kurudi nyumbani jioni ukiwa mzima. Wengi wetu tumevuna tumbaku asubuhi majani yakiwa na umande, kisha tukapata kizunguzungu na kutapika. Wengine walisema ni malaria, wengine walisema tumelogwa. Kumbe sumu ya jani bichi hupita kwenye ngozi, hasa likiwa limelowa. Dawa ya kwanza ni kungoja majani yakauke, kuvaa glavu na nguo ya mikono mirefu, kunawa vizuri, na kutowapeleka watoto katika kazi hiyo. Kumwambia hivyo kibarua mgeni siku yake ya kwanza ni wema usiogharimu hata senti.

Na mwajiri ana wajibu wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyemaliza angalau mwezi mmoja kazini, akiugua, atalipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Apeleke taarifa mapema na cheti cha daktari. Akikataliwa, asilie peke yake nyumbani: aje kwenye chama, twende pamoja kwa Ofisa wa Kazi.

Pendekezo letu ni hili. Kila kikundi cha kazi kiwe na mfuko wa wagonjwa. Watu 30 wakitoa shilingi 1,000 kila wiki, kwa wiki nne wana shilingi 120,000. Mweka hazina achaguliwe na wote, daftari lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Mtu akikosa kazini siku mbili, wawili waende kwake jioni ile ile wakaone ana nini.

Wengine watasema mshahara hautoshi. Ni kweli, hautoshi, na chama hakitaacha kuupigania. Lakini mshahara huo huo mdogo ndio unaonunua majeneza. Wengine watasema tunampunguzia mwajiri mzigo wake. Hapana. Mfuko humsaidia mgonjwa leo, wakati sisi tunadai haki yake kesho. Mtu mwenye njaa hawezi kungoja kesi iishe.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Maiti hana dhiki tena. Mwenye dhiki ni yule anayekohoa leo kwenye safu ya pili, anayeficha ugonjwa wake kwa kuogopa kufukuzwa. Tumwendee yeye kwanza, angali anaweza kutujibu.

Umoja ni nguvu!