Kolera, bomba na ubishi wa Uvira
Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, watu hubishana kuhusu kolera: mmoja analishutumu ziwa, mwingine bomba la Regideso, shirika la maji, na mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Watafiti wa London walifungua madaftari mawili, la wagonjwa waliopokelewa kituo cha kolera na la maji yaliyosukumwa kila siku, 2009 hadi 2014. Ikaonekana kwamba baada ya siku ya bomba kavu, wanaoshukiwa kuwa na kolera huongezeka kwa wastani wa asilimia 155 katika siku 12 zinazofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. (Ziwa halikuachiwa huru: bomba likikauka, bidoni huteremka huko huko.) Baadaye, mitaa ya kutangulia kuboreshewa maji ikapangwa kwa kura, ili ilinganishwe kwa haki. Naipenda kura hiyo, haina shemeji. Mafuriko ya mto Mulongwe, Aprili 2020, yaliuvuruga mpango. Turudi kwenye ubishi: leo wapo wanaotaka kompyuta iamue kila ubishi wetu, hata wa mipaka ya mashamba. Sawa, lakini itasoma nini? Kwenye kolera, kazi ngumu ilifanywa na karani aliyeandika kila mgonjwa, siku baada ya siku.