Mashine ya Maabara Siyo Utepe wa Kukata

Makamanda wa Rukwa, leo tuongelee maabara. Najua kuna watakaosema hiyo ni habari ya madaktari, sisi kazi yetu ni majukwaa. Hapana. Nani anapata majibu leo, na nani anasubiri wiki mbili huku anakohoa ndani ya nyumba yenye watoto wadogo, hiyo ndiyo siasa yenyewe.

Chukua mashine ya GeneXpert, ile ya kupima kifua kikuu. WHO iliipitisha Desemba 2010. Mtaalamu anachanganya makohozi na dawa maalumu, anaweka kwenye katriji, anaingiza kwenye mashine. Ndani ya kama saa mbili inamwambia kama vimelea vipo, na kama vimeshakuwa sugu kwa rifampisini. Darubini haiwezi hayo. Inahitaji vimelea kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo ionyeshe kitu, kwa hiyo mgonjwa wa hatua za mwanzo anarudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama. Na mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka.

Kwa hiyo sisi hatupingi mashine. Tunazitaka, na kweli leo zipo nyingi kuliko miaka kumi iliyopita. Tunachopinga ni ule utaratibu wa kupeleka boksi, kukata utepe, kupiga picha, halafu basi. Ripoti za CAG zimetaja mara kwa mara vifaa tiba vilivyonunuliwa kwa kodi zetu vikakaa bila kutumika: hapa hakuna chumba, pale hakuna umeme, kwingine hakuna mtaalamu. Hiyo siyo bahati mbaya, ni kukosa mpango.

Tupige hesabu pamoja. GeneXpert ya kawaida ina vyumba vinne vya kupimia, yaani sampuli nne kwa wakati mmoja. Kwa siku ya kazi ya saa nane, ukienda mbio sana, utapima 16. Vyumba viwili vikifa, umebaki na 8. Umeme ukikatika katikati ya kipimo na huna betri ya akiba, katriji ile ndiyo imekwenda, mgonjwa atoe makohozi upya. Hadi 2023 katriji moja ya kifua kikuu iliuzwa kwa nchi kama yetu kwa dola 9.98. Septemba mwaka huo, baada ya kelele za miaka za wanaharakati duniani, kampuni ikashusha hadi dola 7.97. Hiyo ni kama shilingi 20,000 inayopotea kila TANESCO wanapokata. Na katriji hununui popote, ni kwa mtengenezaji yule yule tu. Ukishachukua mashine, umeshaoana na bei yake.

Sasa njoo Kasesya. Kutoka Matai ni kama kilomita 50, na ng'ambo ni Zambia, njia ya kwenda Mbala. Mahindi yanavuka, malori yanavuka, mama lishe anavuka, bodaboda anavuka mara nne kwa siku. Kuanzia Oktoba 2023 Zambia ilipigwa na kipindupindu kilichopata watu zaidi ya 20,000 na kuua zaidi ya 700. Bakteria hagongi muhuri uhamiaji. Mahali kama hapa panatakiwa pawe pa kwanza kujua kilichoingia, siyo pa mwisho kuambiwa.

Lakini zahanati ya kijijini haina mashine ya namna hii. Sampuli inasafiri. Inasubiri gari la halmashauri, au bodaboda aliyelipwa na mradi. Masika barabara inakuwa tope. Halafu majibu nayo yana safari yake ya kurudi. Sasa mashine ya saa mbili ina faida gani kama sampuli imekaa njiani siku tano na karatasi ya majibu siku sita? Na huo mradi unaolipa bodaboda ni wa nani? Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada kwa siku 90, tuliona nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, zilivyokuwa zimeegesha maabara zao kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Wanaosema haiwezekani, waangalie Kagera. Tarehe 14 Januari 2025 WHO ilitoa taarifa kuhusu washukiwa wa Marburg Biharamulo. Wizara ikasema sampuli hazikuonyesha ugonjwa. Tarehe 20 Januari Rais Samia, akiwa Dodoma na mkurugenzi mkuu wa WHO, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Kipimo kilifanyika kwenye maabara tembezi ya Kabaile, huko huko Kagera, kisha kikahakikiwa Dar es Salaam. Maabara iliyo karibu ilifanya kazi. Kama Kagera imewezekana, mpaka wa Kalambo una kosa gani?

Na hapa kuna funzo la pili. Mashine haina maana kama mwanasiasa anaweza kuibishia. Mei 2020, Rais Magufuli akiwa Chato alisema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona. Mkurugenzi wa maabara ya taifa akasimamishwa, na takwimu zikabaki pale pale, wagonjwa 509 na vifo 21. Tuseme maabara ilikuwa na kasoro. Dawa ya kasoro ni kurudia vipimo, kukagua mashine na kuita wakaguzi wa nje. Kuzima takwimu siyo dawa.

Sisi wa Ufipa hatukuanza jana habari za mitambo. Wazee wetu waliyeyusha chuma kwa malungu, matanuru marefu kuliko mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mtu kukaa kwenye mivukuto. Lakini kabla ya kuwasha moto, udongo ulishachaguliwa, mkaa ulishachomwa, mawe ya chuma yalishachimbwa, na kila mtu alijua zamu yake. Tanuru lilijiendesha kwa sababu watu walikwishafanya kazi.

Kwa hiyo, vijana, hii ndiyo kazi yetu. Halmashauri inapoandaa mpango kabambe wa afya, msimuachie mganga mkuu peke yake. Mkamateni diwani wenu, nendeni kwenye kamati ya kituo cha afya, ulizeni haya:

1. Kabla ya kuomba mashine mpya, zilizopo zinapima sampuli ngapi kwa siku, na vyumba vingapi vya kupimia ni vizima?
2. Umeme wa akiba upo? Nani analipa betri zikichakaa?
3. Fedha za vitendanishi vya mwaka mzima ziko kifungu gani cha bajeti, au tunasubiri mfadhili?
4. Fundi wa kuhakiki mashine kila mwaka anatoka wapi, na mkataba wake unaisha lini?
5. Sampuli ikitoka Kasesya asubuhi, majibu yanarudi lini, na kwa njia gani?

Na la sita ni la kwetu: ajira. Mtaani kuna vijana waliosomea maabara, vyeti vimejaa vumbi, wengine wanauza vocha. Mashine inapunguza kazi ya mkono, haiondoi mtu. Inataka mtu wa kuchukua sampuli vizuri, wa kusoma hitilafu, wa kuingiza majibu kwenye mfumo na wa kumpigia mgonjwa simu jioni ile ile.

Wakishindwa kujibu maswali haya, msipige makofi siku ya utepe. Andikeni, pigeni picha ya mashine iliyofunikwa shuka, ulizeni tena kikao kijacho. Mtu wa Kasesya naye ana haki ya kujua anaumwa nini kabla hajaiambukiza nyumba nzima.