Mtoto amepona, mzazi je?
Mtoto wa Lulindi akizidiwa na malaria kali hukimbizwa hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi au ya Ndanda. Akiruhusiwa, faili hufungwa. Lakini tafiti za Ulaya na Marekani zimeonyesha kuwa baadhi ya wazazi hubaki na kiwewe miezi kadhaa baada ya mtoto kutoka wodi ya wagonjwa mahututi: hawalali, hushtuka kila mtoto akipata joto.

Watu watasema ndugu wanatosha kufariji, na wauguzi ni wachache. Ni kweli, ila pole za ndugu huisha mapema, na kuambiwa “mshukuru Mungu, amepona” humfunga mama mdomo. Wala hatudai daktari bingwa kila kijiji: mhudumu wa afya ya jamii anayemfuatilia mtoto amuulize na mzazi analalaje, kisha aliyeelemewa apewe rufaa. Mlezi asiyelala atauguzaje?