Mpaka wa Misitu ya Kaskazini Watuhusu

Mkaazi wa Unguja au Pemba akiambiwa kwamba miti ya Siberia inasogea kuelekea kaskazini, huenda akauliza: hayo yatuhusu nini? Swali hilo ni la haki, na lastahili jibu.

Misitu mikubwa ya kaskazini huizunguka dunia kupitia Alaska, Kanada, Skandinavia na Urusi. Kadiri mtu aendavyo kaskazini, miti hupungua kimo, kisha hutawanyika, na hatimaye huziachia nafasi nyanda za tundra. Huko Ary-Mas, katika rasi ya Taymyr nchini Urusi, miti imesimama hata kupita nyuzi 72 kaskazini ya ikweta. Ukingo huo ni mizani ya joto la dunia, na tangu mwaka 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia nzima.

Wapo watakaosema kuongezeka kwa miti ni heri. Tusiharakishe. Theluji huurudisha mwanga wa jua angani, bali msitu mweusi huumeza na kuugeuza joto. Tena, ardhi iliyoganda ya kaskazini imehifadhi kaboni inayokadiriwa kuwa maradufu ya ile iliyomo hewani. Ikiyeyuka, sehemu yake hupanda angani. Joto hilo halibaki huko: huitanua bahari na kuyeyusha barafu za nchi kavu, na wakulima wetu ambao mabonde yao ya mpunga yameingiliwa na maji ya chumvi hawahitaji kufafanuliwa maana yake.

Kwa hiyo yapasa ukingo huo upimwe. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bure kwa kila mtu. Lakini kazi si nyepesi. Nukta ya nyingi kati ya picha hizo ni mraba wa mita 30, ambao ndani yake mna miti michache, vichaka na kuvu-mwani, vyote vikionekana rangi moja. Ndiyo maana wataalamu hawatafuti mstari, bali hukadiria ni asilimia ngapi ya ardhi imefunikwa na miti. Na setilaiti ya ICESat-2, iliyorushwa mwaka 2018, husaidia kupima kimo kwa miale ya leza. Mchora ramani akibadili maana ya neno "mti", mpaka huhama juu ya karatasi bila hata mche mmoja kuota.

Uchunguzi wa mwaka 2009 uliokusanya habari za mahali 166, milimani na kaskazini, ulionyesha kwamba miti ilikuwa imesonga mbele katika asilimia 52, na kurudi nyuma katika asilimia 1 tu. Kwingineko ilisimama pale pale. Ni dhahiri basi kwamba joto peke yake haliamui, na kwamba picha za angani lazima zithibitishwe na watu waendao kwa miguu. Hapo ndipo penye hatari, kwani tangu mwaka 2022 vita vya Ukraine vimevunja sehemu kubwa ya ushirikiano wa kisayansi na Urusi, nchi yenye sehemu kubwa kabisa ya misitu hiyo.

Wajumbe wetu katika mikutano ya tabianchi hawana budi kudai kwamba vipimo hivyo viendelee na vibaki wazi kwa wote. Wala wasikubali msitu wowote uhesabiwe kuwa faida kabla hesabu yote haijatolewa.

Na nyumbani pia tuna kazi. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuvipiga picha visiwa vyake kwa ndege zisizo na rubani. Picha ya mara moja haitoshi. Ukingo wa mikoko yetu upimwe tena na tena, kwa kipimo kile kile, na idara zinazohusika ziwaoneshe wananchi matokeo yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.